Lugha Iliyoitangulia Nchi Yake

Italia ilipotangazwa kuwa ufalme mmoja mwaka 1861, Waitaliano wengi hawakuwa wakizungumza Kiitaliano. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba waliokimudu wakati huo hawakufika hata watu 3 katika kila 100. Wengine wamepandisha kadirio hilo hadi kama 10. Mvuvi wa Naples alikuwa na lugha yake, mkulima wa Sisilia na yake, na mfalme mwenyewe, Vittorio Emanuele II, alikuwa mwepesi zaidi wa Kifaransa na Kipiedmont.

Ndiyo maana chuo kikuu hakitenganishi Kiitaliano na historia. Anayejiandikisha akidhani atashinda na sarufi hadi apate shahada hujikuta katika mihadhara ya karne ya 14, na huko ndiko utamu wa somo uliko.

Dante Alighieri alizaliwa Florence mwaka 1265. Siasa za mji wake zilimtoa: mwaka 1302 alihukumiwa uhamisho, na hakurudi tena hadi alipofariki Ravenna mwaka 1321. Utenzi wake mkuu, unaopita Jehanamu, Toharani na Peponi, aliutunga kwa lugha ya watu wa Florence, ilhali wasomi wenzake walishikilia Kilatini. Waandishi Petrarca na Boccaccio nao wakaitukuza lugha hiyo. Mwaka 1525 Pietro Bembo, mzaliwa wa Venice, akatoa kitabu cha kuwahimiza waandishi waige Kiflorence cha wakongwe hao. Lugha ya mji mmoja ikawa lugha ya vitabu vya rasi nzima, na hapakuwa na serikali moja ya kuilazimisha. Chuo cha lugha cha Accademia della Crusca, kilichoanzishwa Florence mwaka 1583, kikachapisha kamusi yake mwaka 1612.

Sokoni ilikuwa habari nyingine: huko kila mtu aliendelea na lugha ya kwao. Alessandro Manzoni wa Milan alichapisha riwaya yake I promessi sposi mwaka 1827, kisha akaipitia upya neno kwa neno na kuanza kuitoa tena mwaka 1840, ili isomeke kama Kiflorence kilichosemwa mitaani siku zake. Shule, jeshi na redio zilikieneza Kiitaliano zaidi. Tena kati ya 1960 na 1968, mwalimu Alberto Manzi alisimama mbele ya kamera za televisheni ya taifa akiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mwanafunzi wa historia ya Italia anapaswa kumpa Manzi heshima ile ile anayowapa wafalme na majemadari.

Katika vyuo vya nje, somo hili lilipandwa na watu waliokimbia au kufukuzwa kwao. Lorenzo Da Ponte, aliyetunga maneno ya opera tatu za Mozart, alifukuzwa Venice, akazunguka Ulaya, akauza vyakula dukani Marekani, na mwaka 1825 akawa profesa wa kwanza wa Kiitaliano katika chuo cha Columbia, New York. Miaka mitatu baadaye Antonio Panizzi, aliyehukumiwa kifo Modena akiwa tayari ametoroka, alipewa kiti cha Kiitaliano katika chuo kikuu kipya cha London.

Leo anayetaka kusomea Italia kwenyewe ana mahali palipotengwa hasa kwa ajili yake: Chuo Kikuu cha Wageni cha Perugia, kilichotokana na kozi zilizoanza mwaka 1921. Huko mgeni huweza kuanza bila kujua hata salamu. Shahada ya kwanza nchini Italia ni ya miaka mitatu, yenye krediti 180. Mitihani mingi ni ya mdomo: mwanafunzi huketi mbele ya profesa, huulizwa, hujibu, na mara nyingi wenzake wapo chumbani wakisikiliza. Alama ni juu ya 30, na kufaulu ni kuanzia 18. Siku ya kuhitimu huvishwa taji la majani.

Mswahili ana mtaji wake. Irabu zake tano humsaidia sana, na kupatanisha kivumishi na nomino si jambo geni kwake. Panapomtoa jasho ni konsonanti zinazokazwa, kwani pala ni sepetu na palla ni mpira. Halafu utitiri wa vitenzi.

Malindi, mji ambao Waitaliano waliuzoea zaidi tangu walipoanza kurusha roketi baharini karibu na hapo miaka ya 1960, vijana wengi wamekiokota Kiitaliano hotelini na ufukweni. Naples nako, katika chuo kikuu cha L'Orientale, Kiswahili hufundishwa. Elena Bertoncini Zúbková alifundisha hapo na kuandika historia ya fasihi yetu.

Kuna kitabu kimoja kinachofaa kusomwa na pande zote mbili: Fuga sul Kenya cha Felice Benuzzi, kilichotoka mwaka 1947. Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita Nanyuki. Januari 1943 alitoroka kambini na wenzake wawili, wakapanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao. Mwanafunzi kutoka Meru au Nyeri akikifungua darasani Perugia, baridi ile na misitu ile hatahitaji kuelezwa na mwalimu.