Rekodi Kaseti Mara Moja, Irekodi Vizuri

Makabati mengi ya Unguja, Tanga na Mombasa bado yana kaseti: taarabu, mawaidha, harusi, sauti za wazee waliokwisha tangulia. Joto na unyevu wa pwani haviuhurumii utepe wa sumaku, na redio kaseti nzima zinazidi kuadimika. Anayetaka kuzihamishia kwenye kompyuta asingoje.

Vifaa ni vichache: redio kaseti, kompyuta, waya wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili, na programu ya Audacity, ambayo hupatikana bure. Kabla ya kuanza, safisha kichwa cha redio kinachousoma utepe kwa pamba iliyochovywa kwenye alkoholi. Tundu la kuwa makini nalo ni lile la kompyuta. Kwenye kompyuta nyingi za mkononi, tundu hilo limetengenezwa kupokea sauti hafifu ya maikrofoni moja. Ukiliunganisha na redio, sauti hukwaruza na kushoto na kulia huchanganyika. Kifaa kidogo cha USB cha kuingizia sauti ya stirio huondoa tatizo hilo.

Sasa kiwango cha sauti, na hapa ndipo rekodi nyingi huharibika. Kompyuta huigeuza sauti kuwa namba, na namba hizo zina kikomo, yaani desibeli 0. Sauti ikivuka hapo hukatwa kichwa, na hakuna programu inayoweza kuirudisha kama ilivyokuwa. Taarabu hutega: kanuni na fidla huanza taratibu, kisha waitikiaji wanaingia kwa pamoja. Tafuta kwanza sehemu yenye kishindo kikubwa kuliko zote, punguza sauti mpaka kilele chake kisimame karibu na desibeli 6 chini ya sifuri, ndipo urudishe utepe mwanzo na kurekodi.

Hifadhi kwa WAV. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde na biti 16, kama ilivyo kwenye CD, dakika moja ya stirio huchukua takriban megabaiti 10.6, na kaseti ya saa nzima takriban 635. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua megabaiti 1 tu kwa dakika, kwa sababu hutupa sauti zinazokadiriwa kwamba sikio halitazibaini. Kilichotupwa hakirudi. Kuigeuza MP3 iwe WAV huongeza ukubwa wa faili tu; chai iliyotiwa maji haikolei kwa kuhamishiwa birika kubwa. Ukikosa nafasi, tumia FLAC, ambayo mara nyingi hupunguza faili hadi karibu nusu bila kupoteza chochote. MP3 ni nakala ya kuwatumia jamaa.

Kuhusu kuondoa mvumo wa utepe, nawanasihi watu wajizuie. Mvumo huo umekaa mahali pamoja na herufi s na sh za mwimbaji na ncha za juu za fidla. Ukiukwangua wote, mwimbaji huanza kusikika kama yumo ndani ya pipa. Jaribu kidogo, tena kwenye nakala.

Ipe faili jina la mwimbaji, mahali, mwaka kama unajulikana, na upande wa kaseti. Weka nakala kwenye diski mbili tofauti. Na kaseti yenyewe usiitupe: redio bora zaidi ikipatikana kesho, utepe uleule unaweza kutoa sauti safi kuliko ya leo.