Je, nyaya za stima zaweza kupeleka intaneti hadi chumba cha nyuma?

UNALIPA bili ya intaneti kila mwezi bila kukosa. Sebuleni, pale ilipo ruta, mambo ni shwari na runinga inaonyesha filamu bila kukwama. Lakini mtoto wako wa kidato cha tatu akiingia chumbani mwake kudurusu, au mkeo akipanda orofani kumaliza kazi ya ofisi, waifai inafifia kama mshumaa penye upepo. Mwishowe jamaa yote hurudi kujazana sebuleni. Huyu anamsikiliza mwalimu, yule anatazama kandanda, na ugomvi hauko mbali.

Wengi hukimbilia kuilaumu kampuni inayowauzia intaneti. Wengine hulipia kifurushi cha bei ya juu zaidi, na mambo yakabaki vile vile. Ukweli ni kwamba mara nyingi mkosaji ni ukuta. Nyumba zetu nyingi za mijini zimejengwa kwa mawe, na sakafu za orofa ni za saruji iliyotiwa vyuma. Waifai hupenya mbao kwa urahisi, lakini mawe na vyuma huimeza.

Zamani jambo hili lingeonekana kuwa la anasa. Sivyo tena. Tangu shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, wazazi wengi wamejionea jinsi masomo na kazi zinavyoweza kufuata watu hadi nyumbani. Isitoshe, maombi ya kujiunga na vyuo, mikopo ya wanafunzi na ushuru wa KRA yote hufanywa kwa mtandao. Mtoto asiye na pahali patulivu penye intaneti ana hasara.

Mpenzi msomaji, ipo njia moja ambayo wengi hawaijui: kuipitisha intaneti katika nyaya za stima zilizomo ukutani.

Inavyofanya kazi

Unahitaji vijisanduku viwili vinavyoitwa adapta za pawalaini. Kimoja unakichomeka kwenye soketi iliyo karibu na ruta na kukiunganisha na ruta hiyo kwa waya wa mtandao. Cha pili unakichomeka chumbani unakotaka intaneti ifike. Hapo unaweza kuchukua waya hadi kwenye kompyuta au runinga, na aina nyingine za adapta hutoa waifai zenyewe.

Umeme wa nyumbani huyumba mara 50 kwa sekunde. Adapta huongeza juu yake mawimbi mepesi yanayoyumba mamilioni ya mara kwa sekunde, na kwa hivyo viwili hivyo havigongani. Ni kama barabara moja inayopitiwa na lori na baiskeli, kila mmoja upande wake.

Jambo hili si geni. Kampuni za umeme ng'ambo zilianza kupitisha mawasiliano katika nyaya zao tangu miaka ya 1920. Hata hapa kwetu, huenda kile kidude chako cha kubonyezea tokeni, unachokichomeka kwenye soketi, huzungumza na mita iliyo nje kupitia nyaya hizo hizo.

Usidanganywe na namba

Ukifika dukani utakuta namba kubwa kubwa kwenye katoni: 600, 1000, 2000 na kadhalika. Hizo ni megabiti kwa sekunde, lakini ni hesabu ya maabara inayojumlisha yanayokwenda na yanayorudi. Usishangae adapta iliyoandikwa 1000 ikikupa 100 au 200, na katika nyumba yenye nyaya kuukuu ikashuka chini ya hapo.

Hata hivyo, usife moyo. Filamu ya picha safi huhitaji megabiti 5 hivi, na darasa la mtandaoni huhitaji hata chini ya hizo. Linganisha na kifurushi unacholipia. Ikiwa kifurushi chako ni cha megabiti 20, hakuna adapta itakayokupa 40.

Angalia pia tundu la kuchomekea waya wa mtandao. Baadhi ya adapta zilizoandikwa 600 zina tundu lisiloweza kupitisha zaidi ya megabiti 100. Ukitaka kuzidi hapo, tafuta lenye tundu la gigabiti.

Pini tatu, si mbili

Huenda una ndugu Marekani au Ulaya aliyeahidi kukuletea adapta. Mshukuru, lakini muulize kwanza plagi yake ina pini gani. Soketi zetu ni za pini tatu za mraba, sawa na za Uingereza, na pini ya tatu ni ya waya wa ardhi. Adapta za kisasa za aina ya AV2, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka wa 2012, zaweza kuutumia waya huo wa ardhi kama njia ya ziada. Ukiichomeka kupitia kigeuzi cha pini mbili, njia hiyo inakatika. Kwa sababu iyo hiyo, katika nyumba kuukuu isiyo na waya wa ardhi usitarajie makubwa.

Jambo jingine ni lugha zinazozungumzwa na adapta hizi. Kuna jamii ya HomePlug AV na AV2, ambazo huelewana, na kuna jamii mpya iitwayo G.hn, ambayo haielewani na hizo. Kampuni moja yaweza kuuza zote mbili. Kwa mfano, Devolo ya Ujerumani hutumia G.hn katika adapta zake za Magic, ilhali zile zake za zamani ni za HomePlug. Kwa hivyo nunua jozi ndani ya katoni moja. Ukitaka kuongeza ya tatu baadaye, beba moja dukani uilinganishe.

Soketi ni chache katika nyumba nyingi za kupanga. Ikiwa ndivyo kwako, chagua adapta yenye soketi yake usoni, ili uendelee kuchomeka kitu kingine hapo. Hali kadhalika, aina hii huchuja kelele za umeme zinazotoka kwenye kifaa ulichokichomeka.

Maadui wa adapta

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa zao. Adapta sharti ichomekwe moja kwa moja ukutani. Ukiichomeka kwenye ekstensheni itadhoofika, na ukiipitisha kwenye kifaa cha kulinda runinga au friji dhidi ya umeme unaoruka, huenda isifanye kazi kabisa, kwa maana vifaa hivyo vimeundwa ili kuzuia mawimbi ya aina hiyo. Chaja za bei rahisi, taa fulani za LED na mashine zenye mota nazo huleta kelele. Ukiona intaneti inashuka kila unaposaga matunda, umempata mchawi.

Bila shaka utauliza: basi nitailindaje stima inaporudi kwa kishindo? Njia bora ni kumwita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA akuwekee kinga moja ya nyumba nzima penye sanduku la fyuzi. Ikiwa huna uwezo huo kwa sasa, chomoa adapta radi zinapopiga na stima inapopotea. Kumbuka pia kwamba stima ikipotea adapta nazo hulala, hata kama ruta yako ina betri.

Kuna nyumba ambazo njia hii haitafaa. Ikiwa nyumba ya uani ina mita yake, mawimbi hayatafika au yatafika yakiwa hoi. Ikiwa ina sanduku lake la fyuzi lakini mita ni moja, yaweza kufika ingawa kwa nguvu iliyopungua. Na jumba lenye umeme wa fezi tatu huleta shida pale soketi mbili zinapokuwa kwenye fezi tofauti.

Mzee mwenye redio ya masafa mafupi naye asisahaulike, maana adapta hizi hutumia masafa yanayokaribiana na yake na zaweza kumletea mikwaruzo. Mtafutie soketi ya mbali, au bora zaidi, redio yake itumie betri.

Jirani asikuchungulie

Katika majumba ya kupanga, nyaya za vyumba hukutana mahali fulani, na mawimbi yaweza kuvuka hadi kwa jirani. Usiogope. Adapta hizi hufunga mawasiliano kwa msimbo wa siri. Lakini sharti ubonyeze kile kitufe cha kuziunganisha ili jozi yako ipate msimbo wake. Bonyeza kwenye ya kwanza, kisha ya pili kabla ya dakika mbili kwisha. Wengi huiruka hatua hii wakiona taa zinawaka, na huko ni kuacha mlango wazi.

Kabla ya kutoa pesa

Kuna mambo machache ya kufanya kwanza. Isogeze ruta yako kutoka kwenye kona hadi katikati ya nyumba. Hilo halina gharama na mara nyingine hutosha. Ikiwa nyumba ni yako na kutoboa ukuta si tatizo, vuta waya wa mtandao, kwa maana hakuna kinachoushinda. Adapta ni dawa ya mpangaji aliyekatazwa kutoboa, na ya nyumba ambayo kuta zake zimeishinda waifai.

Ukiamua kununua, kubaliana na mwenye duka kwamba utairudisha ikikataa, na uandikiwe hivyo kwenye risiti. Tafuta nembo ya KEBS. Kifaa kinachokaa kwenye soketi usiku na mchana si cha kununuliwa kwa kubahatisha kando ya barabara. Ukifika nyumbani, zijaribu zote mbili katika chumba kimoja kwanza. Zikielewana, hamisha moja hadi chumba cha nyuma na upime kasi. Ikiwa hairidhishi, jaribu soketi nyingine ya chumba hicho hicho, kwani tofauti yaweza kuwa kubwa. Yote yakishindikana, irudishe mapema.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mwulize mwenye nyumba au fundi kuhusu nyaya, hesabu soketi zako, ndipo uende dukani. Hapo mtoto wako atapata kona yake ya kusomea, nao wa kutazama kandanda watabaki na sebule yao.