Ghosts I–IV: Albamu iliyowagawanya mashabiki

MASHABIKI wa Nine Inch Nails, bendi ya Marekani, walipopokea albamu ya Ghosts I–IV mnamo Machi 2, 2008, wengi walipigwa na butwaa. Haikuwa na uimbaji, bali vipande 36 vya ala tupu.

Muziki wa bendi hiyo, wenye midundo mithili ya mitambo ya kiwandani, ulikuwa umeegemea sauti kali ya Trent Reznor. Waliozoea ukali huo waliona vipande hivyo kama rasimu. Wengine walivutiwa na utulivu wake.

Hata hivyo, hakuna aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Vipande tisa vya kwanza vilitolewa bure kwenye intaneti, na vyote 36 kuuzwa kwa dola 5.

Hukumu kamili ilichelewa. Vipande viwili vilifinyangwa upya kwa ajili ya filamu ya The Social Network, ambayo muziki wake ulituzwa Oscar mwaka 2011. Kingine kikawa msingi wa Old Town Road, wimbo wa Lil Nas X uliotawala chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 19 mwaka 2019.

Aghalabu, maoni ya siku ya kwanza hufichua alichotarajia msikilizaji kuliko alichosikia.