Ua la shanga kwenye roshani: kwa nini linaoza, na mbu wanatoka wapi?

Ukipita Mtaa wa Kongo au Msimbazi, Kariakoo, ukainua macho juu ya maduka, utaona roshani za maghorofa zenye nguo zilizoanikwa, ndoo za maji na makopo ya maua. Miongoni mwa maua ya kuning'inia yanayopendwa ni lile lenye nyuzi ndefu za vipunje vya kijani kama shanga. Malalamiko ni yale yale: unalinunua likiwa zuri, mwezi haujaisha limeoza. Tatizo ni nini?

Asili yake

Ua hili, kwa jina la kisayansi Curio rowleyanus, linatoka maeneo makavu ya Afrika Kusini, ambako hutambaa ardhini kwenye kivuli cha vichaka. Kila "shanga" ni jani lililojaa maji, na umbo la duara husaidia maji yasipotee haraka. Yaani ua limebeba tangi lake.

Dar es Salaam ni kinyume. Hewa ina unyevu, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo haukauki upesi. Ukilimwagilia kila siku kama mchicha, mizizi inakosa hewa na kuoza.

Udongo, maji na mwanga

Changanya udongo wa bustani na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Kopo liwe fupi, lenye matundu chini.

Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Shanga zikisinyaa, lina kiu. Zikilainika kama zimechemshwa, umelizidishia. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe juu ya udongo. Ya mvua, au yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ni afadhali.

Lipate mwanga mwingi na jua la asubuhi. Jua kali la mchana hulibabua.

Likianza kuoza, usilitupe lote. Kata nyuzi zilizo nzima, ziache zikauke kidonda siku moja au mbili, kisha zilaze juu ya udongo mpya wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki chache zitatoa mizizi.

Sahani ya chini

Hapa ndipo tunapoomba umakini zaidi. Jiji letu limepata milipuko ya homa ya dengue, ikiwamo ya 2014 na 2019. Mbu wa dengue huuma mchana na huzaliana kwenye maji machache yaliyotuama, hata ya kwenye sahani ya ua. Mayai yake huganda ukingoni na yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: sugua sahani kwa brashi kila wiki, au iondoe kabisa.

Watoto na paka

Shanga hizi zina sumu. Zikiliwa zinaweza kuleta kutapika na kuharisha, na utomvu wake huwasha ngozi. Litundike juu, na okota zilizodondoka, maana mtoto anayetambaa huona kitu cha kuweka mdomoni. Akimeza, mpeleke kituo cha afya ukiwa na kipande cha ua mkononi.

Kwa kifupi: maji kidogo, mwanga mwingi, sahani kavu.