Banda la Kichanja Wakati wa Kipupwe

Kipupwe kinachoanza Juni hakiupozi mkoa mzima wa Songwe kwa namna moja. Vwawa na Tunduma ziko kwenye uwanda wa juu, na huko hata mchana huwa na ubaridi. Msangano, wilayani Momba, iko bondeni: jua huwaka, lakini usiku usio na mawingu joto la ardhi hupotea upesi, na hewa ya baridi huteremka kutoka miinukoni.

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42, nalo hulindwa na hewa inayoshikwa na manyoya. Akiwa mkavu, baridi ya namna hii huistahimili vizuri. Adui zake ni upepo unaofumua manyoya, na unyevu.

Hapo ndipo banda la kichanja linapohitaji kurekebishwa. Sakafu ya fito hudondosha kinyesi na kupitisha hewa, jambo jema wakati wa joto. Kipupwe kikifika, mianya hiyohiyo huingiza upepo hadi chini ya tumbo la kuku. Kwa kuwa pepo za msimu huu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, viroba vitundikwe kati ya nguzo upande wa kusini na wa mashariki tu, ili kinyesi kiendelee kuzolewa. Juu ya sehemu ya fito hutandikwa jamvi kuukuu na pumba za mpunga, zibadilishwe zinapolowa.

Kosa kubwa ni kuziba kila tundu. Pumzi ya kuku ina mvuke, na kinyesi kibichi hutoa amonia inayounguza macho na mapafu. Uwazi wa upana wa kiganja ubaki chini ya paa, juu ya vichwa vya kuku waliolala. Matone chini ya bati alfajiri ni dalili kwamba hewa haitoki.

Vifaranga ni habari nyingine: wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa polepole. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa ni hatari, kwa sababu kaboni monoksidi huua bila harufu. Dumu la maji ya moto lililozungushiwa gunia ni salama zaidi.

Mayai yakipungua, chakula kitazamwe kwanza kabla ya kulaumu upungufu wa mwanga unaochochea utagaji, maana mchana wa Juni hupungukiwa takriban saa moja tu ukilinganishwa na wa Desemba. Mahindi ya jioni humpa kuku nguvu ya kujipasha joto usiku. Chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni kila miezi 3, itolewe kabla ya baridi.