Hakuna tena 'kumi bora' ya Necta: Utaijuaje shule ya serikali inayofanya vizuri?

Tangu Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne yanatoka bila orodha ya shule kumi bora. Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta), kupitia aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji wake Athumani Amasi, lilisema orodha hiyo haina tija na ilikuwa kama kuzitangaza shule bure.

Sasa mzazi anayetegemea shule ya serikali atajuaje ipi inafanya vizuri? Simu yako inatosha, ila ujue cha kutazama.

GPA inasomwaje?

Matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti ya Necta. Utaona idadi ya waliopata kila divisheni, ufaulu wa kila somo na GPA ya shule.

A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Kwa hiyo usichanganye na GPA ya chuo: hapa iliyo ndogo ndiyo nzuri. Shule yenye 1.8 iko mbali mbele ya yenye 3.5.

Mbona haitoshi?

Shule kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala ni za vipaji maalumu. Zinapokea watoto waliofanya vizuri sana darasa la saba. Shule ya kata inapokea waliofaulu wa eneo lake, wenye alama za juu na za chini.

Chukua mfano huu. Shule moja imebaki na GPA ya 2.0 kwa miaka mitatu. Nyingine, ya kata, imetoka 4.4 hadi 4.0, kisha 3.6. Orodha ya bora ingeiona ya kwanza tu, wakati ya pili ndiyo iliyopiga hatua.

Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa (BRN) wa mwaka 2013 ulijaribu kuliona hilo. Ulizipanga shule kwa ufaulu, lakini ukaweka pia motisha kwa zilizopanda zaidi.

Na shule ya serikali inaweza kufika kileleni. Mwaka 2016, Kisimiri ya Arumeru, Arusha, iliongoza kitaifa kidato cha sita, ikizipita shule binafsi za ada kubwa.

Angalia mambo haya manne

1. Miaka mitatu, si mmoja. Mwaka mmoja unaweza kuwa bahati tu.

2. Idadi ya watahiniwa. Linganisha na waliofanya upimaji wa kidato cha pili miaka miwili nyuma. Kama walikuwa 120 na kidato cha nne wamefanya 70, uliza wale 50 wameenda wapi. GPA hupendeza haraka wanafunzi dhaifu wakiondoka.

3. Divisheni 0. Shule inayojali wote huipunguza hii, haisifii wale watano wa divisheni I peke yao.

4. Somo kwa somo. Mtoto anataka sayansi? Tazama Hisabati na Fizikia, na wangapi wamefanya masomo hayo.

Kuna jicho jingine

Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, huingia hadi darasani. Wanaangalia ufundishaji, uongozi na mazingira, vitu ambavyo GPA haionyeshi. Kwenye kikao cha wazazi, uliza walishauri nini na kipi kimefanyiwa kazi.

Halmashauri na mikoa nako, vikao vya tathmini ya elimu hutoa vyeti, ngao na fedha kwa shule zilizofanya vizuri. Ukisikia shule ya mtaani kwenu imepewa ngao, piga makofi, halafu uliza: imepewa kwa kuwa juu, au kwa kupanda?