Kanisa dogo na majirani zake

Mwezi Mei 1966 padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alimwandikia askofu wake barua kutoka Loliondo, katika nchi ya Wamasai. Misheni yake ilikuwa na shule nne zilizoendeshwa vizuri, pamoja na hospitali. Lakini Donovan alipohesabu, hakumwona Mmasai mtu mzima hata mmoja wa Loliondo aliyekuwa akiishi Ukristo. Misheni ilikuwa imewatibu watu na kuwasomeshea watoto kwa miaka kadhaa, na katika muda wote huo haikuwahi kukaa nao chini na kuzungumza habari za Mungu. Akaomba ruhusa aachane na shughuli zile, aende kwenye maboma akazungumze nao jambo hilo moja tu.

Kisa hiki mimi huwasimulia wainjilisti ninaowafundisha siku za mwanzo kabisa, kwa sababu kinawagusa watu wa pande mbili ambao hawaachi kubishana darasani. Wapo wanaosema matendo mema yanajihubiri yenyewe. Loliondo inawakatalia: shule na hospitali haziwezi kumjibu mtu swali ambalo hakuna aliyemkaribisha aliulize. Wapo pia wanaosema kazi ya kanisa ni kutangaza Neno, mengine tuwaachie serikali na mashirika. Hao wanahitaji kusikia sehemu ya pili ya kisa. Baada ya mafundisho ya muda mrefu katika boma moja, Donovan alitaka kuwachuja watu: walioelewa wabatizwe, wazito na watoro wangoje. Mzee wa boma, Ndangoya, akamzuia. Alimweleza kwamba wepesi wa kuelewa walikuwa wamewasaidia wazito, na wenye imani walikuwa wamewashika mkono wale ambao bado waliyumba. Boma lote limetembea pamoja, kwa nini ligawanywe mwishoni? Padri akakubali, akawabatiza wote. Imani ilikuwa imepita katika njia za udugu, ujirani na rika zilizokuwepo kabla hajafika, na hakuna mhubiri mgeni anayeweza kuzitengeneza njia hizo kwa juma moja.

Wengine pia wameliona hilo. Bruno Gutmann, mchungaji wa misheni ya Leipzig aliyefika Uchagani mwaka 1902, alijenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, akiamini kuwa hayo ni karama ya Mungu ambayo mhubiri hana haki ya kuivunja. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua katika mikutano ya 1973 na 1976 kwamba kanisa lianzie kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani familia chache zinazokutana nyumbani kwa mwenzao. Leo Mkatoliki wa Tanzania ukimuuliza anasali wapi, mara nyingi atakutajia parokia yake pamoja na jumuiya yake.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church pale Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo, na kutoka hospitali ya Gahini nchini Rwanda alikofanya kazi Church, moto ukaenea Uganda, ukafika Bukoba, Kenya na Dodoma. Waliueneza walimu wa shule, wauguzi, wakulima na mama wa nyumbani. Walitembea wawili watatu, wakalala nyumbani kwa watu, wakatoa ushuhuda wa maisha yao. Jambo lililowashangaza majirani ni kwamba watu hao walikuwa wakirudisha vitu walivyoiba. Mtu alibisha hodi kwa jirani yake akiwa na jembe alilolichukua zamani, au na fedha za mwajiri wake, akasema: hiki ni chako, nilikuibia, naomba unisamehe. Jirani aliyeletewa jembe lake mlangoni hakuhitaji kuelezwa kwa vipaza sauti kwamba kuna jambo limetokea. Alikuwa na swali tayari, na mwenye jibu alikuwa amesimama mbele yake.

Sasa tuje kwenye kanisa dogo la leo. Nazungumzia kanisa la washirika thelathini, arobaini au sitini, linalosali kwenye darasa la shule ya msingi au banda la mabati pembezoni mwa mji, lenye mchungaji anayejitegemea kwa kulima au kushona. Kanisa hili likiamua kufanya uinjilisti, mara nyingi huiga kanisa kubwa. Hupanga mkutano wa injili wa siku saba. Wiki nzima kabla, kina mama wanachangishana. Vyombo vinakodiwa, pamoja na jenereta, jukwaa na taa. Mhubiri mgeni analipiwa nauli na malazi, yeye na timu yake. Siku ya mwisho waongofu wapya wanaandikwa kwenye daftari, majina na namba za simu. Jumatatu mhubiri anaondoka, kanisa linabaki na deni, na daftari linakaa kabatini. Mwezi ukiisha, katika wale walioandikwa utawaona wachache ibadani, na wengi wa hao walikuja mkutanoni wakiwa wameshikwa mkono na mtu wanayemfahamu.

Siupingi mkutano wa injili. Marehemu Askofu Moses Kulola, mwanzilishi wa EAGT, aliuhubiria umati viwanjani kwa miongo mingi, na makanisa mengi nchini yana mizizi katika mikutano ya namna hiyo. Ninachosema ni kwamba mkutano ni mavuno, na kanisa dogo mara nyingi huenda kuvuna shamba ambalo halijalilima.

Kulima kwenyewe kunaanza na kazi isiyo na gharama. Mchungaji na wazee wa kanisa wachukue daftari, wachore mtaa wao. Waweke kanisa katikati, kisha kila mshirika ataje nyumba tano anazozifahamu kwa majina. Washirika arobaini, hata wakirudia nyumba zile zile, watagusa karibu mtaa mzima. Kisha waulizane: ni nyumba ipi ina mgonjwa wa muda mrefu? Nani amefiwa mwaka huu? Ni mtoto gani amemaliza darasa la saba akabaki nyumbani? Vijana wanakaa kijiwe gani, na kuanzia saa ngapi? Yupi ni mgeni aliyehamia juzi na hana ndugu hapa? Makanisa yaliyofanya zoezi hili hugundua kwamba yanajua mengi kuliko yalivyodhani, na kwamba kwa ujuzi huo hayajafanya chochote.

Mahali pa kwanza ambapo ujuzi huo unatakiwa ni msibani. Kwetu hakuna wakati ambapo mlango wa nyumba huwa wazi zaidi ya wakati wa msiba. Hakuna anayehitaji mwaliko. Kanisa dogo likipata taarifa alfajiri, kina mama wawili au watatu wanaweza kufika kabla turubai halijafungwa, wakiwa na sufuria, kisu na khanga ya kujifunga. Wamenye vitunguu, wachambue mchele, wachote maji. Wanaume wapasue kuni na kupanga viti. Mhubiri akipewa nafasi, azungumze kwa dakika chache na kwa upole. Nasema hili kwa uchungu, maana nimesikia mahubiri ya msiba yanayomhukumu marehemu mbele ya watoto wake. Neno la namna hiyo huufunga mlango wa nyumba hiyo kwa kizazi kizima.

Hata hivyo, kazi kubwa ya kanisa huanza baada ya tanga kuanuliwa. Ndugu wamerudi kwao, viti vimerudishwa, na mjane amebaki na watoto na makaratasi. Anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA. Anahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Hajui aanzie wapi, na pengine shemeji zake wanatamani asijue. Mzee wa kanisa mmoja anayejua kusoma fomu, aliye tayari kupanda daladala naye mara mbili tatu na kukaa naye kwenye benchi la kusubiri, atakuwa amehubiri kwa namna ambayo mtaa mzima utaisimulia. Na wakiwa kwenye benchi hilo mjane huuliza mambo ambayo hakuyauliza msibani: kwa nini Mungu amemwachia mzigo huu, marehemu yuko wapi, ninyi mnapata wapi moyo wa kufanya haya. Mzee asikwepe maswali hayo. Ajibu kwa kifupi, kwa maisha yake mwenyewe, na pale asipojua aseme hajui.

Hapo pana mpaka ambao kanisa halipaswi kuuvuka. Msaada usiwe chambo. Ukimpa mtu unga kisha ukamuuliza Jumapili atakuja, umemnunua, na aliyenunuliwa kwa unga wa kwako kesho atanunuliwa kwa mafuta ya mwingine. Mjane asaidiwe hata akijua fika kwamba hatakuja kamwe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kueneza dini na inaifanya kazi hiyo kuwa jambo la hiari ya mtu. Kwa Mkristo hiari hiyo ni zaidi ya sheria, kwa kuwa imani iliyolazimishwa siyo imani.

Mkristo wa Tanga, Kigoma au Mbagala anaishi ukuta kwa ukuta na Mwislamu, na kushirikisha imani kwa jirani huyo kunadai adabu zaidi. Mihadhara ya kukashifiana iliyovuma miaka ya 1980 na 1990 iliacha majeraha, na Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani mtu anayekusudia kuumiza hisia za dini za mwenzake. Adabu tulizolelewa nazo zinatosha kutuongoza. Kanisa likiandaa chakula cha Krismasi na kualika mtaa, kuku wachinjwe na Mwislamu ili kila aliyealikwa ale kwa amani. Familia nyingi za Kikristo nchini hufanya hivyo bila kuagizwa na mtu. Vipaza sauti vya mkesha vishushwe, kwa sababu upande wa pili wa ukuta kuna mtoto mchanga, mgonjwa, na dereva anayeamka saa kumi alfajiri. Tukiwanyima majirani usingizi kisha tukawaambia Mungu anawapenda, hawatatusikia.

Vikundi vya kuweka na kukopa ni uwanja mwingine mzuri. Mfumo unaotumiwa na VICOBA na vikundi vya aina hiyo ulianzia Niger mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipowakusanya wanawake wa vijijini waweke akiba na kukopeshana wao kwa wao. Kanisa dogo linaweza kuanzisha kikundi kilicho wazi kwa jirani yeyote, daftari la hisa likasomwa mbele ya wote, na mweka hazina asiwe mke wa mchungaji. Mtu akiona fedha zake ziko salama mikononi mwa watu hawa kwa mwaka mzima, atakuwa na sababu ya kusikiliza wanachoamini. Zikipotea, hakuna mkutano utakaoyafuta hayo.

Watoto nitawagusa kwa ufupi. Masomo ya jioni na shule ya Jumapili huvuta watoto wengi, hivyo wazazi waombwe ruhusa, wawepo watu wazima wawili kila wakati, na mtoto asiahidiwe zawadi ili abatizwe kinyume cha matakwa ya nyumbani kwao.

Sasa nije kwenye kusema, maana, kama Loliondo ilivyotufundisha, kusema ni lazima. Washirika wengi hunyamaza kwa kudhani kazi hiyo ni ya aliyesoma chuo cha Biblia. Kila mshirika afundishwe mambo mawili: kueleza kwa dakika tatu Kristo amemtendea nini, kwa maneno ya kawaida anayotumia sokoni, na kusimulia kisa kimoja cha Injili bila kusoma. Kwa anayetaka kusoma, Biblia ya mwaka 1952, Union Version tunayoipenda sisi wazee, ina Kiswahili kinachomshinda kijana wa leo. Mpeni Biblia ya Habari Njema, aanze na Marko. Na mtu akisema anataka kumfuata Kristo, kabla hajaondoka apangiwe mtu mmoja wa kumtembelea, jirani yake ikiwezekana, wakutane nyumbani kila juma. Namba ya simu kwenye daftari haimlei mtu.

Mchungaji unayesoma haya, huenda tayari umetangaza tarehe za mkutano wa mwaka huu na michango imeanza kuingia. Usiufute. Usogeze mbele miezi sita, na kabla ya kulipia vyombo, chukua sehemu ya fedha hizo iwe nauli ya wazee wako kuwasindikiza wajane na wagonjwa wa mtaa wenu. Jumapili hii, baada ya ibada, wabakize washirika wako kwa nusu saa, uwape kalamu na daftari, waanze kuandika majina ya majirani.